Kusafiri kwa ndege na mtoto mchanga: mwongozo kwa familia za Kasese na Bwera

Makala hii ni kwa mzazi aliye Bwera, Mpondwe, Kasese mjini, au katika makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja na Kyaka II, anayejiandaa kupanda ndege ya safari ndefu akiwa na mtoto wa chini ya miaka 2. Huenda unahamishiwa nchi ya tatu. Huenda unamfuata mume au mke aliyetangulia. Huenda wewe ni mwenyeji wa Kasese na unakwenda kumwona ndugu yako Ulaya. Mkishakaa ndani ya ndege, mambo ni yale yale kwa wote. Kinachotofautiana ni karatasi, kwa hiyo tuanze na karatasi. Mtoto anayelia saa nane mfululizo bado atafika. Mtoto asiye na karatasi hatapanda.

Mtoto amezaliwa wakati faili lenu linaendelea

Toa taarifa mara moja. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii, na ndilo familia nyingi huliogopa.

Ukijifungua katika Hospitali ya Bwera, Kagando au kituo chochote cha afya, usiondoke bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kwa mtoto. Hakikisha majina ya wazazi yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye karatasi yenu ya familia, ile ambayo wengi huita atesteshoni. Herufi moja tu ikitofautiana italeta maswali baadaye. Kisha peleka karatasi zote mbili kwenye dawati la usajili la Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, ili mtoto aongezwe. Wilaya ya Kasese haina makazi ya wakimbizi. Kama unaishi Bwera kwa ndugu zako lakini mliandikishwa Rwamwanja, itabidi usafiri hadi Kamwenge; kama mliandikishwa Kyaka II, ni Kyegegwa. Ni safari ya nauli na uchovu kwa mama aliyetoka kujifungua, lakini haina njia ya mkato. Baada ya hapo, wajulishe UNHCR, na kama mmeshafika hatua ya vipimo vya afya au tarehe ya safari, lijulishe pia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM.

Ni kweli kwamba mtoto mpya anaweza kuchelewesha safari. Nchi inayowapokea inapaswa kumkubali na yeye, na lazima apimwe afya. Ndiyo maana utasikia watu wakishauriana kumficha: “Mwacheni kwa bibi, mtamwita baadaye.” Usikubali. Mtoto ambaye jina lake halimo kwenye orodha hatapandishwa ndege Entebbe, na ninyi mtabaki uwanjani mkichagua kati ya kumwacha au kurudi. Mkirudi, vibali na vipimo vya afya vina tarehe ya mwisho, kwa hiyo mnaweza kulazimika kurudia hatua mlizokwisha kuzimaliza. Mkimwacha, kumleta baadaye kunaweza kuchukua miaka, na swali la kwanza mtakaloulizwa ni kwa nini hamkumtaja.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kumwandikisha kama wenu mtoto ambaye hamkumzaa. Kama unamlea mtoto wa marehemu dada yako, sema hivyo hivyo: ni mtoto wa marehemu dada yangu. Upo utaratibu wa kuangalia maslahi bora ya mtoto wa namna hiyo, na anaweza kusafiri nanyi kwa haki. Ukisema ni wa tumbo lako na ikagundulika si hivyo, huo ni udanganyifu, na unaweza kufunga faili la familia nzima.

Mimba nayo itajwe mapema. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na kwa kawaida hayampandishi mama baada ya wiki ya 36, au 32 kama ana mapacha. Mtoto aliyezaliwa karibuni hapaswi kupanda ndege katika saa 48 za kwanza, na ni afadhali kungoja siku 7 au zaidi. Aliyezaliwa kabla ya wakati hungoja zaidi, kwa ushauri wa daktari.

Huduma hizi zote ni bure. Kuongezwa mtoto, kuhojiwa, kupimwa afya na IOM, kupangiwa safari: hakuna hatua inayolipiwa. Ukienda Kanada, nauli kwa kawaida ni mkopo wa serikali ya Kanada usio na riba, unaosainiwa rasmi na kulipwa kidogo kidogo baada ya kufika. Haulipwi kwa mtu yeyote hapa Uganda. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025, kwa hiyo jihadhari sana na yeyote anayekuuzia “nafasi ya Marekani”, hata kama anakuonyesha fomu yenye nembo. Ukiombwa pesa, au ukiombwa “kumwongeza” mtoto wa mtu, piga 0800 323232. Simu hiyo haitozwi.

Kama unasafiri kwa mpango wako mwenyewe

Mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria, hata akiwa na siku kumi. Kwa mwenyeji ni pasipoti ya Uganda. Siku hizi ofisi ya Mbarara hupokea maombi, kwa hiyo si lazima kwenda Kampala kwa kila hatua. Kwa mkimbizi ni hati ya kusafiria ya wakimbizi inayotolewa na serikali ya Uganda. Viza nayo ni kila mtu na yake.

Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, beba barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na mwanasheria, au cheti cha kifo, au hati ya mahakama inayokupa malezi. Maofisa wa uhamiaji huuliza kwa sababu watoto huibwa. Usione kwamba wanakudharau.

Kuna jambo moja ambalo wauza tiketi husahau kulisema. Mwenye uraia wa Kongo anayebadilisha ndege katika nchi za Schengen, kwa mfano Brussels au Amsterdam, anahitaji viza ya kupitia uwanja wa ndege hata kama hatoki nje. Mtoto naye anaihitaji. Mwenye viza halali ya nchi ya Umoja wa Ulaya, Kanada, Marekani au Japani hahitaji. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi pesa.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hukaa mapajani na nauli yake kwenye safari za kimataifa huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Kama atatimiza miaka 2 kabla ya safari ya kurudi, atahitaji kiti chake wakati wa kurudi. Wakati wa kununua, omba kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti, kile wahudumu hukiita basineti. Ni vichache na hutolewa kwa aliyeomba mapema. Vingi hubeba mtoto wa kilo 10 hivi au zaidi kidogo.

Afya kabla ya safari

Beba kadi ya chanjo yenyewe, si picha ya simu tu. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zisirukwe kwa sababu ya maandalizi ya safari. Ya homa ya manjano hutolewa mtoto akifika miezi 9, na tangu 2022 imo katika chanjo za kawaida za watoto Uganda. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi kabisa, kwa hiyo usihangaike kumtafutia. Ukiulizwa, onyesha tarehe yake ya kuzaliwa.

Mwambie daktari kama mtoto ana seli mundu, upungufu mkubwa wa damu, tatizo la moyo au kifua. Hewa ndani ya ndege iliyo juu ni nyepesi, kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mji wa Butembo uko zaidi ya mita 1,700, na watoto wanazaliwa na kukua huko bila shida, kwa hiyo mtoto mzima hatadhurika. Lakini mwenye seli mundu anaweza kupatwa na maumivu makali, na daktari ndiye wa kuamua kama atahitaji oksijeni au asubiri.

Wote waliovuka Mpondwe wanajua kipimajoto cha mpakani tangu siku za Ebola ya 2018 hadi 2020. Siku chache kabla ya kuondoka, wanaosafiri na IOM hukaguliwa vivyo hivyo, na mtoto mwenye homa, tetekuwanga au surua haruki siku hiyo. Usimpe panadoli ili kuficha homa. Ikiwa ni malaria, itampanda angani ambako hakuna kliniki.

Na dawa za kumlaza mtoto? Mtaani mtu atakwambia umpe kijiko cha Piriton au Phenergan alale hadi mfike. Usifanye hivyo. Phenergan, yaani promethazine, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi. Mtoto akilia, watu watakasirika kwa saa moja. Mambo hayo mawili hayalingani.

Barabarani hadi Entebbe

Kutoka Bwera hadi Kasese ni zaidi ya saa moja. Kasese hadi Kampala ni karibu siku nzima ya basi, upite Fort Portal au Mbarara, kisha bado Entebbe. Ndiyo maana usihesabu nepi kwa saa za ndege. Hesabu tangu unapofunga mlango wa nyumba hadi unapofungua mwingine huko uendako. Kwa Kanada au Australia hiyo ni siku mbili. Nepi moja kwa kila saa 3, kisha ongeza 6 za dharura. Kama nyumbani unatumia vitambaa, tumia za kutupa kwa safari hii tu, maana hakuna pa kufua wala kuanika.

Soma saa ya tiketi kwa makini. Tiketi haiandiki saa zetu za Kiswahili, na siku huanza usiku wa manane. Ikiandikwa 03:40 tarehe 15, hiyo ni saa 9 na dakika 40 usiku, ule usiku unaofuata jua la tarehe 14. Uwanjani unatakiwa saa 3 kabla, yaani saa 6 na dakika 40 usiku. Anayefika jioni ya tarehe 15 amekuta ndege imeshaondoka.

Kwenye mkoba wa mkononi weka hati, kadi ya chanjo, dawa, nepi, nguo mbili za mtoto, blauzi moja yako (atakutapikia wewe, si yeye mwenyewe), vitenge viwili na sweta. Kasese ni joto, lakini ndani ya ndege ni baridi kama asubuhi ya Lubero. Begi kubwa likishachukuliwa hutaliona tena hadi mwisho wa safari. Ukipewa na IOM mfuko wenye nembo yao, uwe nao mkononi muda wote: wafanyakazi wao wa viwanja vya njiani huwatambua kwa huo mfuko. Bahasha iliyofungwa ndani yake usiifungue.

Kwenye ukaguzi, sheria ya vinywaji isiyozidi mililita 100 haihusu maziwa ya mtoto. Maziwa uliyokamua, maziwa ya kopo na maji yaliyochemshwa vinaruhusiwa kwa kiasi cha safari. Vitoe mkobani na useme ni vya mtoto. Utaambiwa pia umfungue mtoto mgongoni, kwa sababu kitenge hukaguliwa.

Ndani ya ndege

Basi likiteremka kutoka Kichwamba kuelekea bondeni, au gari likishuka Kabasha, masikio huziba kisha hufunguka ukimeza mate. Ndege hufanya hivyo hivyo kwa ukali zaidi, na mtoto hajui kumeza mate kwa kutaka. Mpe titi au chupa. Wazazi wengi humnyonyesha wakati wa kupaa, kisha humwacha alale wakati wa kutua, na hapo ndipo hukosea. Kutua ndiko kunakoumiza zaidi. Ndege huanza kushuka karibu nusu saa kabla ya kugusa ardhi. Mwamshe hata kama amelala vizuri, anyonye polepole hadi magurudumu yaguse. Mwenye mafua makali au usaha sikioni aonwe na daktari kabla ya siku ya safari.

Wakati wa kupaa na kutua wahudumu watakuomba umfungue mtoto kwenye kitenge. Watakupa mkanda mdogo unaopachikwa kwenye mkanda wako: wake unamzunguka yeye, wako unakuzunguka wewe peke yako. Usifunge mkanda mmoja kuwazunguka wote wawili. Ndege ikisimama ghafla, mwili wako utamkandamiza. Taa ya mikanda ikizima unaweza kumbeba mgongoni na kutembea naye kwenye njia ya katikati, na hakuna njia bora ya kumtuliza kuliko hiyo aliyoizoea. Usimlaze sakafuni. Taa ikiwaka tena, mtoe kwenye basineti hata kama amelala.

Hewa ya ndege ni kavu. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji, anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji ni wewe. Kunywa kila wahudumu wanapopita, na uombe hata wasipopita. Ni kazi yao, huombi msaada. Anayetumia maziwa ya kopo achanganye kila mara kiasi cha mlo mmoja, kwa maji ya moto yanayotoka kwa wahudumu, si ya bomba la chooni. Yaliyobaki baada ya saa 2 yamwagwe. Aliyeanza kula anaweza kubeba ndizi mbivu au uji mzito wa kutosha njiani, lakini nyama, matunda na mbegu usivuke navyo mpaka wa nchi unayoingia. Kula au tupa kabla ya kushuka, na chochote kilichobaki kitaje kwenye fomu ya forodha.

Choo kina ubao wa kubadilishia mtoto, unaofunguka kutoka ukutani. Si vyoo vyote vinao, muulize mhudumu. Na kama umesafiri peke yako na unahitaji kwenda haja, mwombe mhudumu au mama jirani amshike mtoto. Watu hukubali.

Mkishafika

Bwera na Kasindi ni kijito tu kati yao, lakini saa 4 ya Bwera ni saa 3 ya Kasindi. Sasa fikiria tofauti hiyo ikiwa saa 7 au 8. Saa 2 asubuhi ya Kasese, Toronto ni usiku wa manane. Mtoto wako ataamka wakati huo akitaka kucheza, kwa siku kadhaa. Mchana mtoe kwenye mwanga wa jua, usiku mnyonyeshe gizani bila mazungumzo. Mchanga kabisa hatatambua tofauti kubwa, maana hata Kasese alikuwa halali usiku.

Malaria ni jambo zito zaidi. Wanaohamishwa mara nyingi hupewa dawa ya malaria kabla ya kuondoka, lakini mtoto wa chini ya kilo 5 kwa kawaida hapewi. Vimelea vinaweza kuwa mwilini mwake vikajitokeza wiki kadhaa baadaye, katika mji ambako daktari hajaona mgonjwa wa malaria mwaka mzima na atafikiria mafua kwanza. Mtoto akipata homa katika miezi 3 ya mwanzo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na useme, kabla hujaulizwa: “Tumetoka Uganda, kuna malaria, naomba apimwe damu.” Jifunze sentensi hiyo kwa lugha ya nchi unayokwenda kabla hujaondoka Kasese, na uiandike kwenye karatasi pamoja na kadi ya chanjo.